Kiti cha Safu ya Tatu

"Hiki hapa," alisema fundi cherehani. "Kimerudi tena."

Darubini alisimama kwenye ngazi ya basi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa upya. Basi lilikuwa tupu kama nyumba iliyohamwa. Viti vya wanafunzi vilikuwa vimeng'olewa na kurundikwa nje, nyuma ya karakana, vikingoja mnunuzi. Ndani kulikuwa na sakafu mpya ya mbao, kabati refu la nguo ambalo halijapakwa rangi, na tangi la maji ambalo bado lilikuwa limefungwa plastiki. Na katikati ya uwazi wote huo, upande wa kushoto, kando ya dirisha, kilikuwepo kiti kimoja cha watu wawili. Kimetulia zake, kama abiria aliyekataa kushuka.

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya tatu. Tunakitoa, kinarudi. Tunakitoa, kinarudi. Hapo ndipo kitanda kinapoanzia, Afande. Nimepima mwenyewe. Kitanda hakiwezi kupanda juu ya kiti."

"Mimi si afande tena."

"Basi usinitazame kiafande."

Darubini alicheka kidogo. Jina lake alilipata polisi, kwa ajili ya unene wa miwani yake. Wateja waliodhani ni sifa ya kazi hakuwahi kuwasahihisha.

Mama huyu alikuwa na futikamba shingoni, kama mafundi cherehani wote, na alizungumza huku akizivuta ncha zake. Yeye na mumewe, fundi redio, walikuwa wamelinunua basi kutoka shule moja iliyokuwa ikiondoa magari yake ya zamani. Watoto wao walishakua na kuondoka. Nyumba ya kupanga walishamwambia mwenye nyumba kuwa wanaihama. Walitaka kuligeuza basi liwe nyumba: yeye ashone, mume atengeneze redio na simu, leo soko hili, kesho soko lile. Usiku wanalala humo humo.

"Shule imekubali kulipokea basi tukiona halitufai, mwisho Ijumaa hii," alisema. "Leo Jumatano. Nisipomjua anayefanya mchezo huu, Ijumaa nalirudisha."

"Kwa sababu ya kiti?"

"Kiti kina kosa gani? Nazungumzia mtu anayekirudisha." Akachungulia nje ya dirisha, akashusha sauti. "Ni mume wangu. Ameshabadilisha mawazo, hataki kuhama, na hana ubavu wa kuniambia. Ananiambia kwa kiti. Sasa mimi siwezi kuzunguka dunia na mtu wa namna hiyo. Kama ni yeye, aseme."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize ili anidanganye?"

Darubini alipiga goti kando ya kiti. Miguu yake ya chuma ilishikwa na boliti nne, mpya, zinazong'aa. Alijaribu kukitikisa. Hakikutikisika hata kidogo.

"Boliti za zamani ziko wapi?"

"Zilikuwa na kutu. Cheche alizikata na msasa wa umeme siku ya kwanza. Cheche ndiye mwenye karakana hii."

"Nishikie spana hapa juu, tafadhali. Usiiache izunguke."

Alitoka, akatandika gunia, akaingia chini ya basi kwa mgongo. Alikuwa mtu mzito na kazi hiyo ilimtoa jasho. Nati zilikuwa upande wa chini, kila boliti imetoboa sakafu na kutokea huku. Alishika nati ya kwanza kwa spana, akavuta. Ikakubali.

"Sasa achia ya kwako!" alipiga kelele.

"Nimeachia!"

Alivuta tena. Nati ikazunguka, na boliti nayo ikazunguka pamoja nayo, bure tu, bila kulegea.

"Shika tena!"

Mama akashika. Nati ikatoka. Darubini alilala pale chini akiitazama. Mtu mmoja hawezi kuifunga boliti hii. Lazima mmoja awe juu ndani ya basi na mwingine chini kwenye vumbi. Anayetafutwa si mtu. Ni watu wawili.

Aliisogeza boliti karibu na miwani. Kwenye meno yake palikuwa na kitu cheupe, laini, chembamba kama ganda la kitunguu. Akakivuta kwa kucha. Kikafunguka taratibu, utepe mrefu umezungushwa vizuri sana, mzunguko juu ya mzunguko. Alifungua boliti ya pili kwa msaada wa mama. Utepe uleule. Ya tatu na ya nne, vilevile.

Alipotoka chini alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umepata nini?"

"Tepu ya bomba," alisema Darubini. "Ile wanayoizungusha kwenye bomba la maji lisivuje."

"Kiti kinavuja?"

"Ndiyo nashangaa."

Alirudi ndani akakikagua kiti chenyewe. Kilikuwa kimepanguswa, hakikuwa na vumbi hata kwenye mikunjo. Ubavuni, ngozi ya plastiki ilikuwa imechanika kwa urefu wa kiganja, na mpasuko huo ulikuwa umeshonwa.

"Hapa alichana Cheche kwa mtaimbo alipokuwa anakitoa mara ya kwanza," alisema mama. "Lakini aliyeshona simjui, na ningemjua ningemwambia ukweli. Tazama uchafu huu! Anapitisha uzi mara moja, anafunga fundo, anakata. Anapitisha tena, fundo, anakata. Kila mshono unajitegemea. Nani anashona hivyo? Mtu anapiga mstari mmoja mpaka mwisho, anafunga, basi."

Darubini alikunja mkono wa shati wa kushoto kama mtu aliyeona joto. Akatazama mkono wake, akatazama kiti, akaukunjua tena.

"Una nini hapo?"

"Mwizi wa baiskeli. Yeye alikuwa na panga, mimi nilikuwa na filimbi."

Mama alicheka mpaka akaegemea kabati. Alikuwa na kicheko kikubwa, na Darubini aliona kuwa hakikuwa kimetumika kwa siku kadhaa.

*

Fundi redio alikuwa amekaa juu ya tairi chini ya kibanda cha mabati, spika ya basi imefunguliwa mapajani. Alikuwa mwembamba, mpole, na bisibisi ilikuwa sikioni badala ya kalamu.

"Afande, karibu. Nimefurahi amekuita," alisema. Kisha alitazama kulia, akatazama kushoto. "Ni mke wangu."

"Nini mke wako?"

"Anayerudisha kiti. Anaogopa kuondoka, hataki kusema. Anajua nimelipenda basi hili kuliko nguo zangu. Namjua, hawezi kunivunja moyo kwa mdomo, kwa hiyo ananivunja kwa boliti."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize aanze kulia?"

Darubini aliyaweka hayo moyoni. Kazi yake ilikuwa kupokea maelezo. Saa ya kuyagawa ilikuwa bado.

"Umewahi kulinda?"

"Nimelala ndani ya basi, sakafuni. Usiku mzima sikusikia hata panya. Asubuhi kiti hakipo, nikafurahi, nikaenda dukani kwangu. Jioni narudi, kimo."

"Kwa hiyo si usiku."

Fundi redio alichomoa bisibisi sikioni. "Hilo sikulifikiria."

"Watu wengi hudhani mambo ya siri hufanyika gizani," alisema Darubini. "Ndiyo maana wajanja huyafanya mchana."

Alimkuta Cheche akichomelea fremu ya dirisha. Alingoja mpaka mwanga ule mkali ulipozima. Cheche aliinua kinyago chake usoni. Alikuwa bwana mwenye mabega mapana na nyusi zilizoungua nusu.

"Mimi simo," alisema kabla hajaulizwa.

"Kwenye nini?"

"Kwenye chochote."

"Unalipwa kwa siku au kwa kazi?"

"Kwa siku."

"Kiti kikirudi, kazi inachelewa. Kazi ikichelewa, siku zinaongezeka."

"Afande, usinitie ubaya! Kung'oa kile kiti ni mateso. Mgongo wangu umekwisha. Nikimpata huyo mtu nitamchomelea yeye mwenyewe sakafuni."

"Una tepu ya bomba hapa?"

"Ya nini? Mimi nachoma chuma. Maji sina urafiki nayo."

Darubini alizunguka karakana. Alifungua masanduku ya zana, akayafunga. Hakuona tepu, wala boliti zenye mng'ao ule. Kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na pengo ambapo matofali yalikuwa yameanguka, na mtu angeweza kupita bila hata kuinama. Mlango wa dharura wa basi, ule wa nyuma, ulikuwa unatazama pengo hilo. Alishika kitasa chake, akakivuta. Ukafunguka. Haukuwa na kufuli, milango ya namna hiyo haiwekwi kufuli.

Alirudi kwa Cheche.

"Mchana unakula wapi?"

"Hapahapa. Sibanduki. Kazi ni kazi."

"Hapa wapi?"

"Pale, kwenye kile kiti cha mbao karibu na geti."

Darubini alikwenda kukitazama kile kiti. Buibui alikuwa ametandaza utando kutoka mguu mmoja hadi mwingine, utando mzee wenye vumbi. Alirudi, akamgonga Cheche polepole kwenye mfuko wa shati. Mfuko ukalia: chaka, chaka.

"Vizibo vya soda," alisema Darubini. "Mtu mzima anabeba vizibo vya soda kwa sababu moja tu. Unacheza drafti na nani?"

Cheche aliinamisha kichwa. "Kinyozi wa kona ile. Jua likiwa utosini hapa bati linawaka, Afande, hakushikiki chuma. Nafunga geti naenda kidogo tu."

"Kila siku?"

"Ananifunga kila siku. Nisirudi kulipiza? Lakini usimwambie mama. Anajua nipo kazini."

"Kesho nenda kama kawaida."

"Niende?"

"Nenda ukafungwe."

*

Lilibaki swali moja, na kwa Darubini ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Nyuma ya karakana palikuwa na rundo la viti vinavyofanana. Kwa nini mtu avipite vyote achukue kilekile, akirudishe palepale?

Alimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya basi akikunja kipande cha pazia.

"Nisimulie siku mliyokuja kulinunua. Mlikuwa nani na nani?"

"Ah! Siku ile!" Alitupa pazia begani. "Tulikuja na wazee. Kosa letu. Mimi nilimleta mama yangu, mume wangu akamleta baba yake, kila mmoja hajui mwenzake kamleta nani. Sasa wale wawili hawasemi."

"Hawasemi na nani?"

"Wao kwa wao! Tangu harusi yetu. Baba mkwe alisimama kutoa hotuba. Akatoa, akatoa, akatoa. Chakula kinapoa, watoto wanalia. Mama yangu akasimama mbele ya ukumbi mzima akamwambia, 'Mzee, kaa chini, watu wana njaa.' Ukumbi ukapiga makofi. Akakaa. Hakuwahi kuimaliza ile hotuba, na hawajasalimiana mpaka leo. Watu wakambandika jina, Mzee Hotuba. Sisi kila sikukuu tunafanya mara mbili, kwa mama mara moja, kwa baba mara moja. Kila mtoto akizaliwa, karamu mbili. Nikuambie ukweli?" Akainama karibu. "Nusu ya sababu ya kununua basi hili ni kuwakimbia hao wawili."

"Na siku ile mlilijaribu barabarani?"

"Ndiyo. Viti vyote vilikuwa vimechanika, sponji nje, isipokuwa hiki kimoja. Mama akakaa dirishani. Baba mkwe naye hakutaka kuchafua suruali, akakaa hapohapo pembeni yake. Kila mmoja katazama upande wake kama wamegombea mpaka wa shamba. Mume wangu sasa, kushika usukani tu, akili ikamruka. Akazunguka mji mzima. Akapotea. Akarudi. Akazunguka tena, eti anasikiliza injini. Tulipofika shule, sote tukashuka, wao wamebaki wamekaa. Injini imezimwa, wao wamekaa tu. Nilidhani wameganda kwa hasira."

"Mama yako alifanya kazi gani?"

"Muuguzi. Miaka yote chumba cha upasuaji. Mpaka leo wanamwita Sista."

"Na baba mkwe, kabla ya kustaafu?"

"Fundi bomba. Kwa nini?"

Darubini aliinuka, akajipangusa suruali.

"Kesho asubuhi kiondoeni kiti, mkirudishe kwenye rundo. Halafu wewe na mume wako mkae dukani kwake, pamoja, mlango wazi. Mkisikia honi ya basi, mje. Msikimbie, ila mje."

"Umemjua?"

"Kesho."

"Ni yeye, sivyo?"

"Mama, kesho."

*

Kesho yake, jua likiwa utosini, Darubini alikuwa ndani ya kabati jipya la nguo, magoti yamegusa kidevu, harufu ya mbao na gundi imemjaa puani. Alikuwa ameacha mlango wazi kwa upana wa kidole. Alimsikia Cheche akifunga geti na kuondoka, vizibo vikilia mfukoni.

Kwa muda hapakuwa na kitu ila bati likilia kwa joto. Kisha mlango wa dharura ulifunguka.

"Wamekitoa tena," ilisema sauti ya mwanamke.

"Binti yako ana kichwa kigumu," ilisema sauti ya mwanamume.

"Kichwa hicho alikipata kwa mumewe. Mimi nilimlea vizuri. Haya, usisimame kama nguzo, kakilete."

"Peke yangu?"

"Wewe si ulisema ulikuwa unabeba mabomba ya chuma mabegani?"

"Nilikuwa kijana, Sista."

"Na mimi nilikuwa msichana. Twende."

Walikwenda, wakarudi, wakikivuta kiti kati yao, wakihema na kucheka na kuambiana polepole mguu, polepole mkono. Bibi alikuwa mrefu, amenyooka, kilemba kimefungwa barabara. Mzee alikuwa mfupi mwenye koti kubwa, na mifuko ya koti ilining'inia kwa uzito wa zana. Alitoa boliti, akatoa roli ndogo ya tepu nyeupe, akaanza kuizungusha kwenye meno ya boliti ya kwanza, kwa uangalifu, ulimi nje kidogo.

"Hivi hiyo tepu ni ya nini?" aliuliza Sista.

"Bila tepu italegea."

"Hicho ni kiti, si bomba."

"Nati ni nati. Mimi nakuuliza unavyoshona?"

Mzee alitoka akaingia chini ya basi. Sista akashika spana juu, mkono umetulia kama wa mtu aliyezoea kushika vitu mbele ya daktari. "Vuta," alisema. "Vuta. Imetosha. Nyingine." Walifanya kazi kama watu waliofundishwa pamoja. Zilipokwisha zote nne, mzee alipanda, akajipangusa, na wote wawili wakakaa. Yeye dirishani, mzee pembeni. Sista akafungua kikopo cha njugu, akakiweka katikati.

"Leo tuko wapi?" aliuliza.

Mzee alitazama nje, kwenye ukuta wa karakana na rundo la vyuma chakavu.

"Leo tunashuka mlima," alisema. "Upande wako kuna ziwa."

"Nimeliona. Endesha polepole."

Darubini alijaribu kuvumilia, lakini vumbi la mbao lilikuwa limeshafika mahali pake. Alipiga chafya. Kabati zima likatikisika.

Njugu zilimwagika sakafuni. Darubini alifungua mlango, akajitoa, mguu mmoja, kisha mwingine uliokuwa umekufa ganzi.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alisema Sista, bila kutikisika. "Wewe ni nani, na unafanya nini kwenye kabati la binti yangu?"

"Mimi ni mpelelezi. Binti yako ameniita nimtafute anayerudisha kiti."

"Umempata?"

"Ninyi mnasemaje?"

Mzee Hotuba alikohoa. "Sisi tulikuwa tunapita."

"Pamoja?"

"Pamoja wapi? Huyu mama mimi hata simsalimii. Uliza mtu yeyote."

"Hatusalimiani," aliunga mkono Sista. "Tangu harusi."

"Na njugu?"

Walitazama njugu sakafuni.

"Za kwake," alisema mzee.

Darubini alikunja mkono wa shati akamwonyesha Sista kovu lake, mstari mrefu wenye alama ndogondogo zilizojitenga. "Mama, nesi mmoja alinishona hapa. Kila mshono na fundo lake, ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Nimeona mtu kakishona kiti namna hiyohiyo."

Sista aliushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. "Nani alikushona? Huyu alikuwa na haraka," alisema. Kisha akaona mtego ulipokuwa, akaachia, akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha binti yake.

"Basi, Mzee," alimwambia jirani yake. "Tumekamatwa."

"Nilikwambia tuachane na basi, tutembee kwa baiskeli," alinung'unika Mzee Hotuba.

Wakaeleza, wakikatizana. Siku ile ya kulijaribu basi, barabara ilikuwa mbaya, na kila shimo lilimrusha mmoja kwa mwenzake. Huwezi kumnunia mtu anayekuangukia. Kwenye kona ya kwanza mzee alisema samahani. Kwenye ya pili Sista alisema si kitu. Basi liliporudi shuleni walikuwa katikati ya mazungumzo na hawakutaka kuyakata. Tangu hapo hawakupata mahali pengine pa kuzungumza ila hapa. Kwa Sista kungekuwa na majirani, kwa mzee kungekuwa na wajukuu. Kila mchana Cheche akiondoka wanapita pengoni. Wakikikuta kiti, wanakaa. Wasipokikuta, wanakirudisha, halafu wanakaa.

"Kwa nini msiseme tu?" aliuliza Darubini.

"Tuseme nini?" Mzee Hotuba alifungua mikono. "Miaka yote hii wamefanya karamu mbilimbili kwa ajili yetu. Leo tukawaambie tumepatana? Watatuua kwa kucheka."

"Au bila kucheka," alisema Sista. "Mwanangu, tufichie."

"Siwezi. Kesho binti yako analirudisha basi shuleni."

Sista aliweka mkono juu ya ukingo wa kiti.

"Kwa nini?"

"Anadhani ni mume wake anayerudisha kiti kwa sababu hataki kuhama. Na mume anadhani ni mke. Kila mmoja anamngoja mwenzake aseme."

"Hao watoto," alisema Sista polepole, "hivi wamejifunza wapi kukaa kimya namna hiyo?"

Mzee Hotuba alimtazama. Naye alimtazama mzee. Kisha Sista akajiweka sawa kilemba, akamwambia Darubini, "Waite."

Darubini alikwenda mbele, akabonyeza honi.

Walikuja haraka kuliko alivyowaambia. Mke alipanda wa kwanza, futikamba ikipepea, mume nyuma yake. Wakasimama kwenye uchochoro wa basi. Mbele yao, juu ya kiti cha safu ya tatu, mama wa mmoja na baba wa mwingine walikuwa wameketi bega kwa bega, wakitazama mbele kama wanafunzi waliotumwa kwa mwalimu mkuu.

"Mama?" alisema fundi cherehani.

"Baba?" alisema fundi redio.

"Ni sisi," alisema Sista. "Mimi juu, yeye chini."

Mke alimgeukia mumewe.

"Kwa hiyo si wewe, Baba Watoto?"

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe!"

"Mimi! Niliyeshona mapazia!"

"Na mimi niliyelala sakafuni nikililinda!"

Fundi cherehani alikaa chini palepale, juu ya tangi la maji, akaanza kucheka. Kicheko kilimshika mumewe, kikampata Mzee Hotuba, na Cheche, aliyekuwa amesikia honi na kuja mbio akidhani basi linaibwa, akachungulia mlangoni na kuanza kucheka bila kujua kwa nini.

"Lakini Mama," alisema mke alipopata pumzi, "sisi tulinunua basi hili kuwakimbia ninyi!"

"Mbona mmenunua lenye viti?" alijibu Sista.

Mzee Hotuba aliinua kiganja. "Hatutaki kulala humu. Tuna nyumba zetu. Tunataka kupanda tu, mara ya kwanza mtakapoondoka. Mpaka hapo mlimani, mtushushe, tutajua wenyewe namna ya kurudi."

Fundi cherehani alifuta macho. Alivua futikamba shingoni, akamrushia mumewe ncha moja, akaenda na nyingine mpaka mwisho wa basi. Akapima upana kutoka ukuta hadi ukuta. Akapima tena.

"Kitanda kitalala nyuma, kukatisha," alisema. "Godoro linaingia. Cheche!"

"Naam, Mama!"

"Kile kiti usikiguse tena."

"Asante Mungu," alisema Cheche, akashika mgongo.

*

Ijumaa basi halikurudi shuleni. Lilipita tu mbele ya geti lake, likapiga honi, likaendelea. Fundi redio alikuwa kwenye usukani, na spika aliyoitengeneza ilikuwa ikiimba juu ya kichwa chake. Mkewe alisimama karibu naye akimwonyesha mashimo ambayo alikuwa ameshayaona. Darubini aliketi juu ya gunia la vitambaa, mguu wake ukiwa umepona ganzi. Alikuwa amekataa malipo ya siku ya pili, kwa kuwa aliitumia ndani ya kabati, akaomba badala yake aende nao mpaka mlimani.

Barabara ilipoanza kupanda, Mzee Hotuba alisimama.

Alishika chuma cha kiti, akafunga vifungo vya koti, akakohoa. Fundi cherehani aligeuka. Fundi redio alizima spika. Wote walimtazama Sista, maana wote walijua yaliyotokea mara ya mwisho mzee huyu aliposimama mbele ya watu.

Mzee naye alimtazama.

"Kama nilivyokuwa nikisema siku ile," alianza.

Sista alishika pindo la koti lake, akalivuta kidogo, amsimamishe sawasawa asije akaanguka kwenye kona.

"Endelea," alisema, akafungua kikopo cha njugu. "Safari ni ndefu."